Goma, Jasho Tunalo: Sasa Tupange Kazi

Hakuna wa kuja kuwafundisha watu wa Goma kuamka mapema. Kabla jua halijapanda, Birere imekwisha kujaa. Akina mama wa Majengo wako njiani na bidoni za maji, wamotari wanaitana na abiria, na maelfu ya watu wanaelekea mpaka wa Petite Barrière kuvuka kwenda Gisenyi, Rwanda, kutafuta riziki. Anayesema kazi zetu hazizai matunda kwa sababu watu ni wavivu, basi hajasimama hata saa moja kwenye mzunguko wa Tshukudu.

Shida yetu iko kwingine. Fundi anafika kazini saa mbili na kushika kazi saa nne, kwa sababu ufunguo wa kabati la vifaa hauonekani. Muuguzi anaandika habari za mgonjwa mmoja katika madaftari matatu. Karani anasubiri sahihi ya mkubwa ambaye leo hayupo, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kutia sahihi. Jioni wote wamechoka kweli, lakini ukiuliza kilichokamilika, hakijazi kiganja. Jasho limetoka, kazi imeliwa njiani. Nina neno moja kwa kila mwenye ofisi, atelie, depo, shule au zahanati katika mji huu: usidai jasho zaidi, ondoa kinachoila kazi.

Somo liko pale mzungukoni

Mji huu umeisimamishia kazi sanamu ya rangi ya dhahabu, mtu na chukudu yake, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo. Mgeni akiipiga picha huona misuli. Mwenye chukudu anajua kwamba misuli peke yake isingefikisha mjini mamia ya kilo za viazi, kabichi na makaa kutoka Kibumba. Kabla ya kuondoka anakagua magurudumu, anatia grisi, anajaribu kile kipande cha mpira kinachofanya kazi ya breki, anausawazisha mzigo na kuufunga kamba hadi utulie. Mteremko ukianza, maandalizi hayo ndiyo yanayomfikisha. Pahali pako pa kazi ni chukudu. Gurudumu likikwama, anayesukuma hahitaji kelele za kumhimiza. Anahitaji grisi.

Kongo nzima tumelelewa na Kifungu cha 15 cha mitaani: jitafutie, jipange mwenyewe, usingoje mtu. Kimetuvusha mengi. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji hadi ikaingia ziwani, na watu wakarudi wakajenga juu ya mawe yaleyale. Mei 2021 mlima ukatema tena. Mwishoni mwa Januari 2025 vita vikaingia mitaani, kundi la M23 likauchukua mji, benki zikafunga milango, ndege zikaacha kutua. Hata hivyo maduka yalifunguliwa tena na viazi vikarudi sokoni.

Lakini Kifungu cha 15 kina mwisho wake. Kinamtosha mtu mmoja, hakiwatoshi watu 20 walio chini ya paa moja. Hao 20 wakijitafutia kila mmoja kivyake, watagongana, watarudia kazi moja mara mbili na kuiacha nyingine bila mwenyewe. Ujanja wa kuishi tunao tele. Sasa tuuongezee mpango.

Mkubwa wa kazi, anza hapa

Anza na asubuhi. Dakika 10, watu wote wamesimama: leo nani anafanya nini, kiwe tayari saa ngapi, na jana kilikwama wapi. Ukimaliza, waache wafanye kazi. Sheria ya kazi ya Kongo, ile ya tarehe 16 Oktoba 2002, imeweka kikomo cha saa 45 kwa juma. Hizo ni nyingi ukizijaza kazi, na ni hasara tupu ukizijaza kungoja. Bosi anayewashikilia watu hadi usiku, akidhani kuchelewa kutoka ndiko kufanya kazi, ananunua uchovu kwa bei ya mshahara.

Panga siku kwa kufuata umeme. Tangu kituo cha Matebe kule Rutshuru kizinduliwe Desemba 2015, kikiwa na uwezo wa zaidi ya megawati 13, na nyaya za kampuni ya umeme ya Virunga zikafika Goma, wachomeleaji na wenye vinu wamepata njia nyingine mbali na jenereta. Lakini umeme bado hukatika, kila mtu anajua. Basi bandika ukutani orodha mbili: kazi za umeme na kazi zisizohitaji umeme. Ukikatika, watu wanahamia orodha ya pili bila kusubiri amri. Ukirudi, wanajua ni mashine gani inayotangulia.

Kisha panga vitu. Mwaka 2007 Hospitali ya Rufaa ya Mbeya, Tanzania, ilianza kutumia utaratibu uliotoka viwanda vya Japani, na Watanzania wakaupa hatua tano za Kiswahili: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Toa kisichohitajika. Kila kifaa kipewe pahali pake. Safisha. Wote wafuate mtindo mmoja. Usirudi nyuma. Hapo hakuna mashine ya kununua wala mtaalamu wa kulipa dola. Kila Jumamosi ya salongo, ile kazi ya pamoja ya usafi, tunafagia mitaa. Tenga saa mbili za salongo ndani ya depo yako, uone nyundo ngapi zitafufuka.

Halafu mshahara. Januari 1914 Henry Ford, mtengeneza magari wa Marekani, alitangaza dola 5 kwa siku, zaidi ya mara mbili ya ujira wa awali, na akapunguza zamu kutoka saa 9 hadi 8. Huruma peke yake haikumsukuma. Wafanyakazi walikuwa wakiacha kazi kwa wingi hata akawa kila wakati anafundisha wapya. Walipolipwa vizuri walitulia, na magari yakazidi kutoka. Huenda wewe huna cha kuongeza, lakini tarehe ya kulipa unaweza kuilinda. Siku hizi mshahara mwingi unapita kwenye simu au unafuatwa ng'ambo ya mpaka. Amua mapema ada ya kutoa pesa italipwa na nani, na siku ya kuchelewa waambie watu ukweli kabla hawajaanza kunong'onezana. Mtu asiyejua atalipwa lini, nusu ya akili yake iko kwa mwenye nyumba na ada ya watoto.

Mwisho, uliza. Katika viwanda vya Toyota mfanyakazi wa kawaida anaruhusiwa kuvuta kamba na kusimamisha kazi akiona kasoro, ili itengenezwe palepale kabla haijafika kwa mnunuzi. Kwetu anayeona kasoro hunyamaza, akiogopa kuitwa mjuaji. Mama anayefagia stoo yako anajua maji yanapoingilia. Dereva anajua barabara gani inakupotezea nusu siku. Akikuambia, mshukuru mbele ya wenzake, kisha tengeneza. Ukipuuza mara mbili, hatasema mara ya tatu.

Tena usisahau kwamba watu wako wamepita mengi. Wapo waliozika, wapo wenye ndugu waliohama na hawajarudi. Mfanyakazi aliyebadilika ghafla, mwite pembeni, mwulize habari za nyumbani kabla ya kumwandikia barua ya onyo.

Nawe mfanyakazi, usingoje mkubwa

Pengine mkubwa wako hatasoma maneno haya. Wewe umeyasoma. Maliza kazi moja kabla ya kugusa ya pili. Ukikwama, sema saa hiyohiyo, usingoje jioni useme ulikuwa umekwama tangu asubuhi. Simu ikae mfukoni hadi mapumziko. Unachokijua mfundishe mwenzako, maana kazi inayojulikana na mtu mmoja husimama siku mtu huyo anapougua. Na ufundi wako uunoe: INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi, ipo tangu 1964 kwa ajili ya kufundisha watu wazima kazi za mikono na za ofisi, na Goma ina tawi lake. Siku ukiondoka hapo, ujuzi huo utaondoka nao, hakuna atakayekunyang'anya.

Najua litakalosemwa: mpango hauleti amani, hauondoi vizuizi barabarani, wala haufungui benki. Kweli kabisa. Lakini ufunguo wa kabati haukupotezwa na vita. Daftari la tatu halikuletwa na volkano. Hayo ni yetu, na yako ndani ya uwezo wetu leo hii.

Haba na haba hujaza kibaba. Kesho asubuhi, kabla mtu hajagusa kazi, wakusanye wenzako uwaulize: jana ni nini kilichokula muda wetu? Andikeni majibu yote ukutani. Chagueni moja tu, mliondoe kabla ya Jumamosi, na Jumatatu mchague la pili. Wengine wanaweza kutuchelewesha, Goma, lakini tusijicheleweshe wenyewe.