Mwanasheria wa Serikali Amtumikia Nani?

Swali tunalotaka kulichungua leo ni hili: mwanasheria aliyeajiriwa na serikali ili aishauri juu ya sheria za usalama wa mitandao, je, ni mtumishi wa nani? Ni mtumishi wa waziri aliyemwita, au wa watu watakaoshikwa na sheria hiyo? Pengine msomaji wa Katuba au wa Ruashi atasema: «Hayo ni mambo ya wakubwa wa Kinshasa. Mimi yanihusu nini?» Yakuhusu sana, ndugu. Ukiwa na simu mfukoni, sheria hiyo imo mfukoni mwako pia.

Tangu tarehe 13 Machi 2023 nchi yetu ina Mkusanyo wa Sheria za Dijitali, uliotolewa kwa amri namba 23/010 yenye nguvu ya sheria. Humo mna mambo ya biashara ya mtandaoni, ya kulinda habari za siri za watu, na ya kuwaadhibu wanaoingia katika kompyuta za wengine bila ruhusa. Sheria ya namna hii ni ya lazima. Hapa Lubumbashi mishahara, karo za shule na fedha za matanga hupita katika M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Mwizi wa leo havunji mlango. Humpigia simu mama mjane auzaye unga katika soko la Kenya, humwambia kwamba ameshinda zawadi, humwomba namba yake ya siri, na mara mtaji wote umekwisha. Serikali isiyo na sheria juu ya mwizi huyo ingefanana na mchungaji aliyelala.

Lakini kisu kikatacho mboga chaweza kukata mkono. Kifungu cha 360 cha Mkusanyo huo chasema kwamba mtu anayeanzisha au kueneza habari ya uongo juu ya mtu mwingine kwa njia ya mitandao atafungwa mwezi 1 hadi miezi 6, na kulipa faini ya franka 500.000 hadi 1.000.000, au apewe mojawapo ya adhabu hizo. Maneno haya ni mafupi, ila ni mapana mno. Je, aliyetunga uongo kwa chuki na yule aliyepeleka ujumbe katika kundi la kwaya akidhani ni kweli, wote ni sawa? Wazee walisema: mtego wa panya huingia waliokuwamo na wasiokuwamo. Mwandishi wa habari Stanis Bujakera alikamatwa tarehe 8 Septemba 2023, na sheria hii ilikuwa miongoni mwa zile alizoshtakiwa kwazo. Alikaa gerezani hadi Machi 2024.

Tukumbuke jambo jingine. Uchaguzi ulifanyika tarehe 30 Desemba 2018. Kesho yake intaneti ilifungwa nchini, ikabaki imefungwa karibu siku 20. Wakubwa walieleza kwamba matokeo ya uongo yalikuwa yakienezwa, na kwamba walitaka kulinda amani. Sheria ya mawasiliano ya mwaka 2002, iliyokuwa ikitumika wakati ule, iliiruhusu Serikali kukataza matumizi ya mitambo kwa sababu ya usalama, kwa muda ambao Serikali yenyewe itaupanga. Yatazameni vema maneno hayo ya mwisho. Kuna mtu aliyeyaandika kwa kalamu yake, na kuna washauri walioyasoma wakanyamaza. Miaka 16 baadaye taifa zima lililipa deni la kimya hicho.

Basi turudi kwa swali letu. Wako wasemao: «Mtumishi kazi yake ni kutii. Kama kuna kosa, ni la bwana wake.» Jibu hilo halifai, wala Katiba yetu ya mwaka 2006 hailikubali. Kifungu chake cha 28 chasema kwamba hakuna anayelazimika kutekeleza amri iliyo wazi kuwa ni kinyume cha sheria. Wako wengine wasemao: «Mtu mwema asiishike kazi hiyo kamwe.» Hilo nalo halifai, maana watu wema wakiondoka wote, kalamu itabaki mikononi mwa asiyeogopa kitu, na yule mjane wa soko la Kenya hatapata mtetezi.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba sheria ya kweli ni agizo la akili, linalolenga mafaa ya wote, limetolewa na mwenye kuitunza jumuiya, tena limetangazwa. Hiki ndicho kipimo cha mwanasheria wetu. Anapoletewa karatasi, na aulize: Kosa limeelezwa wazi, hata mtu wa kawaida aweza kujua alipokosea? Simu ya mtu ikitaka kupekuliwa, nani atatoa ruhusa? Kifungu cha 31 cha Katiba chalinda siri ya barua na simu za kila mtu, isipokuwa pale sheria inaporuhusu. Mtandao ukifungwa, utafunguliwa lini? Na aliyeonewa atapeleka wapi malalamiko yake?

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Kifungu kile cha 28 chaongeza kwamba anayekataa amri ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba ni haramu. Mfikirini kijana fundi katika kampuni ya simu, aliyeamriwa usiku kuzima mitambo. Dhamiri yake yasita, lakini yeye si mtaalamu wa sheria. Atathibitisha kwa nini? Endapo mshauri wa serikali alikwisha kuandika bila kuficha, «Jambo hili sheria hailiruhusu,» fundi huyo ana pa kushika. Endapo mshauri alinyamaza, fundi yu peke yake. Kwa hiyo kimya cha mwenye elimu huwa mzigo mabegani mwa asiyenayo.

Mtu atatuuliza: «Na watoto wake je? Na mshahara?» Swali hili ni la haki, wala hatulidharau. Mshauri halazimiki kushinda. Analazimika kusema kweli, na kuiandika, hata kama wakubwa hawataifuata. Sheria ikiwa na upungufu tu, aweza kubaki kazini na kuirekebisha pole pole. Lakini akitakiwa kutia sahihi uongo, hapo arudishe kalamu. Thomas More, mwanasheria wa Uingereza, alimtumikia mfalme wake miaka mingi kwa uaminifu. Mwaka 1532 aliacha cheo chake, na mwaka 1535 akauawa, kwa kuwa hakutaka kuapa kinyume cha dhamiri.

Nasi tusio na vyeo tuna sehemu yetu. Tusieneze neno tusilolipima, maana kila uongo tunaoupeleka huwapa wakubwa sababu ya kukaza kamba. Na wazazi wenye vijana katika kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi wasiwaulize tu watapata kazi gani. Wawaulize pia ni neno gani hawatakubali kuliandika. Kijana aliyekwisha kulijua jibu lake angali mwanafunzi hatalitafuta kwa hofu siku atakapoitwa ofisini.