Bariera ya Edomu



Katika mafundisho ya familia tunaulizwa mara nyingi: wale waliochoma nyumba zetu, Mungu atawalipa lini? Tumeona vema tusome Obadia, kitabu kifupi kuliko vyote vya Agano la Kale, sura moja tu. Waedomu walikuwa wana wa Esau, ndugu wa damu wa Yakobo. Yerusalemu ilipoangushwa na Wababeli, mwaka 586 kabla ya Kristo, Edomu alisimama kando akitazama, kisha akafurahi, kisha akaingia naye kupora. Aya ya 14 ndiyo inayotuuma sisi wakimbizi: walijipanga kwenye njia panda wawakamate waliokuwa wakikimbia. Yaani bariera! Nani kati yetu hajui bariera?

Nabii anamwambia Edomu kwamba tendo lake litamrudia mwenyewe. Tena aangalieni namna linavyorudi (aya ya 7). Ni wale wale washirika wake, waliokula naye mkate, ndio wanaomtegea mtego. Anayewafundisha wenzake kumsaliti ndugu, ashangae nini wakimsaliti na yeye? Leo hakuna taifa liitwalo Edomu. Babeli naye aliyepora wengi alitwaliwa na Koreshi wa Uajemi mwaka 539.

Mji huu wa Gisenyi unaijua habari hiyo. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu waliletwa makaburini, pale palipoitwa Commune Rouge, wakauawa. Ilipofika Julai, serikali ya muda iliyosimamia mauaji hayo ilikuwa imekimbilia hapa hapa Gisenyi, ikavuka kwenda Goma bila nchi ya kutawala. Waziri wake mkuu, Jean Kambanda, alikiri makosa mbele ya mahakama ya Arusha mwaka 1998, akahukumiwa kifungo cha maisha. Walisema wanalinda taifa.

Lakini tusiharakishe kusema Amina. Umati uliovuka nao ulikutwa na kipindupindu huko Goma. Makumi ya maelfu walikufa kwa majuma machache, na kati yao watoto ambao hawakushika panga. Mwaka 1997 wakimbizi Wakongomani wa kambi ya Mudende, si mbali na hapa, walishambuliwa mara mbili, Agosti na Desemba, wakauawa kwa mamia. Hao walikuwa wamemwaga damu ya nani? Bwana Yesu alipoletewa habari za Wagalilaya waliouawa na Pilato (Luka 13:1-5), alikataa hesabu ya namna hiyo. Unabii unamwonya aliyeshika panga. Haumpi mtu ruhusa ya kumnyooshea kidole anayeteseka.

Tunasema hivi kwa sababu ya vijana wetu. Wapo wanaoitwa warudi kuchukua silaha, na wengine huambiwa kwamba wao ndio mkono wa Mungu wa kulipiza. Wazazi, mwulizeni kijana wenu jambo moja. Babeli aliinuliwa na Mungu mwenyewe aiadhibu Yuda, Habakuki 1:6 inasema hivyo waziwazi. Je, jambo hilo lilimwokoa na ole za sura ya 2?

Jumatano baada ya maombi tutazisoma sura hizo mbili pamoja. Mwenye Biblia aje nayo, na vijana waje na maswali yao, hata yale makali.