Sufuria Moja, Miiko Miwili

Vyakula vingi unaweza kuvila na mtu bila chakula chako kukutana na chake. Yeye ana sahani yake, wewe una yako, mnazungumza, mnaagana. Suki ya Thailand haiko hivyo. Katikati ya meza kuna jiko la umeme, juu yake sufuria ya supu nyepesi, na kila aliyekaa hapo anatumbukiza anachokipenda: kabichi ya Kichina, uyoga, tofu, kamba, ngisi, vibonge vya samaki, tambi za choroko, yai la kuvunja, ini, na vipande vyembamba vya nyama ya nguruwe. Kikiiva unaopoa kwa upawa wenye matundu, unachovya kwenye sosi ya pilipili yenye kitunguu saumu na ndimu. Supu ni moja. Alichotumbukiza jirani yako kimeshaingia katika chako kabla hujanyoosha mkono.

Mwislamu anayealikwa kwenye meza hiyo afanye nini? Jibu la sheria ni fupi na nitalitoa. Linalonishughulisha zaidi ni swali lililo nyuma yake: sheria inayonizuia na sufuria, je, inanizuia pia na watu walioizunguka?

Ninauza nguo Kariakoo, na blauzi na magauni yangu nayafuata Bangkok, kwenye masoko ya jumla ya Pratunam. Nimezaliwa Tanga na kusoma chuoni huko, nikafika mpaka Safina, kijitabu cha fikihi ya Kishafii ambacho watoto wengi wa mwambao wamekishika mkononi. Mama ninayenunua kwake mzigo ni Mthai mwenye asili ya Kichina, mdogo kwangu kwa umri, na huniita Pi, kama kwetu mtu anavyomwita mkubwa wake dada. Tumefanya biashara miaka mingi. Amewahi kunipa mzigo kwa mali kauli bahari ilipochelewesha kontena langu, na mimi nimewahi kumtumia dawa ya kienyeji ya miguu kwa ajili ya mama yake. Alipoanza kunialika suki nilielewa uzito wa mwaliko huo.

Anayedhani ni mwaliko wa anasa hajafika Bangkok. Mikahawa ya suki ni ya watu wa kawaida. MK, ambayo ndiyo maarufu kuliko zote, ilianza kama mgahawa mdogo Siam Square mwaka 1962, na mwaka 1986 ikafungua suki katika jengo la maduka la Central Ladprao. Leo ina mamia ya matawi, na ipo pia mikahawa ya bei ya chini zaidi inayojaza wanafunzi mpaka usiku wa manane. Jumapili utakuta bibi, wajukuu, mjomba na msichana wa dukani wakizunguka sufuria moja, na mdogo akimpakulia mkubwa kwanza. Mtu hampeleki mteja huko kumwonyesha fahari. Anampeleka mtu aliyekwisha kumhesabu miongoni mwa watu wake. Kukataa mwaliko wa namna hiyo si jambo jepesi, na yeyote anayesema tu "haramu, basi" hajafikiria alichokikataa.

Sasa sheria. Safina inagawa najisi mafungu matatu: nzito, nyepesi na ya kati. Nzito ni ya mbwa na nguruwe, na chombo kilichoguswa nayo huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Nguruwe si jambo pekee. Kuku na bata wa mikahawa hiyo ya suki hawakuchinjwa kwa namna ninayoruhusiwa kula. Samaki, kamba na ngisi ni halali, hilo halina shida kwetu Mashafii, lakini wakitumbukia katika supu iliyopikiwa nguruwe uhalali wao unaishia hapo hapo. Kwa hiyo wale wenzangu wanaosema "mimi nimeopoa mboga tu" wanajidanganya, nami husema hivyo mbele yao. Mboga imenyonya supu. Imepikwa ili inyonye supu.

Lakini sheria hiyo hiyo ina mlango ambao wengi wanaupita bila kuutazama. Sahaba Abu Tha'laba al-Khushani alikwenda kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, kumuuliza kuhusu majirani zao Watu wa Kitabu, ambao walipika nguruwe katika vyungu vyao na kunywa pombe katika vyombo vyao. Kwa maana yake, aliambiwa: mkipata vyombo vingine tumieni hivyo, msipovipata vioshwe vya kwao kwa maji, kisha kuleni na mnywe. Nimeitafakari hadithi hii nikiwa kwenye boti za mfereji wa Saen Saep, zinazopita nyuma ya masoko ya Pratunam. Mtu alileta swali la ujirani. Angeweza kuambiwa ahame, au awakate majirani zake. Aliambiwa kuhusu maji. Jibu lilikuwa la vyombo, halikuwa la watu.

Najua majirani wa Abu Tha'laba walikuwa Watu wa Kitabu na wenyeji wangu ni Mabudha, na sichukui hukumu ya nyama za hao nikaipa hawa. Ninachochukua ni utaratibu wa kufikiri: kwanza tenga kitu na mtu, kisha kitafutie kitu dawa yake. Pale Bangkok kwenyewe kuna Waislamu waliofikiri hivyo kwa kiwango cha maabara. Chuo Kikuu cha Chulalongkorn kina Kituo cha Sayansi ya Halali, kilichoasisiwa na Winai Dahlan, mjukuu wa Ahmad Dahlan aliyeanzisha Muhammadiyah huko Yogyakarta mwaka 1912. Pamoja na kupima vyakula, wametengeneza sabuni ya maji yenye udongo ndani yake, ili mwenye kiwanda au jiko aweze kutimiza ule uoshaji wa najisi nzito bila kuchimba shimo nyuma ya nyumba. Ninapofikiria kwamba mstari mmoja wa Safina umezaa sabuni katika jiji la Mabudha, namshukuru Mungu kwa watu wenye akili na ikhlasi pamoja.

Sheikh mmoja wa kwetu, ninayemheshimu sana, hakubaliani nami. Anasema hatari haiko kwenye supu, iko kwenye mazoea: leo unakaa, kesho unaonja, kesho kutwa unaona aibu kutaja dini yako mbele ya watu. Hoja yake ina ukweli, na nimewaona walioishia hivyo. Kwenye meza inayozungushwa pombe mimi siketi, kwa ajili ya hadithi iliyolikataza jambo hilo na kwa ajili ya onyo lake. Lakini nimewaona pia wale waliofuata ushauri wake mpaka mwisho. Wanakula tambi za kikombe chumbani hotelini, mlango umefungwa, safari baada ya safari, na watu waliowalisha biashara zao hawajawahi kukaa nao wakazungumza jambo lisilokuwa bei. Sioni dini iliyolindwa hapo. Naona mtu aliyeogopa.

Tulikotoka tumefundishwa kula pamoja kama sehemu ya ibada. Ukoo mzima huzunguka sinia moja ya wali, mkono wa kulia, bismillahi, na mtoto anaambiwa ale kilicho mbele yake. Masahaba walipolalamika kwamba wanakula wasishibe, Mtume aliwaambia huenda mnakula mmetawanyika. Kusanyikeni juu ya chakula chenu na mlitaje jina la Mwenyezi Mungu, mtabarikiwa. Na katika Surat an-Nur, aya ya 61, Mwenyezi Mungu anaondoa lawama kwa watu, wakila pamoja au mbalimbali. Naisoma aya hiyo kama rehema mbili. Ya kwanza inafahamika: ruhusa ya kula pamoja. Ya pili ni kwamba kula mbalimbali hakumtoi mtu katika kundi.

Nilimweleza mwenyeji wangu haya kwa maneno machache, Kiingereza chetu sote wawili kikiwa cha sokoni. Akafikiri, akasema twende Ramkhamhaeng, mtaa wenye Waislamu wengi, kuna suki yenye nembo ya halali ya Baraza Kuu la Kiislamu la Thailand. Tukapanda boti palepale Pratunam. Tulipoketi nikaagiza kwa furaha ya mtu aliyefika kwao: kamba, ngisi, tofu, phak bung ambayo majani yake yanafanana na matembele, na sahani kubwa ya nyama ya ng'ombe. Akaitazama ile sahani. Akaniambia kwa upole, "Pi, ng'ombe mimi sili. Kwan Im."

Wathai wengi wenye asili ya Kichina wanaomheshimu Kwan Im, mungu wa kike wa huruma, wameacha nyama ya ng'ombe kwa maisha yao yote. Tena mara moja kila mwaka, mwezi wa tisa wa kalenda ya Kichina, huja siku tisa za jay. Vibendera vya manjano vinajaa barabarani, na washikao mwiko hawali nyama, wala samaki, wala kitunguu, wala kitunguu saumu. Walio makini zaidi wanatumia sufuria na vyombo ambavyo havijawahi kupikiwa nyama. Ndiyo maana mwanamke huyu hakuhitaji kuelezwa mara mbili kwa nini upawa mmoja usitoke sufuria hii kwenda ile. Alikuwa anaijua adabu hiyo tangu utotoni, kwa njia nyingine.

Ile nyama ikarudishwa jikoni. Sikutaka iingie.

Hapo ndipo lilipokuja swali gumu, na nililibeba mpaka nyumbani: je, kwa kuiacha nyama iliyo halali kwangu, nilimtii mungu wa watu wengine? Nimelipima na jibu langu ni hapana. Amali huhesabiwa kwa nia. Sikuharamisha alichohalalisha Mola wangu. Usiku ule ule ningeweza kula mshikaki kando ya msikiti wa Darul Aman, barabara ya Phetchaburi, bila kusita. Nilimwachia nafasi mtu aliyevuka jiji kwa ajili ya mwiko wangu. Mpaka upo, na ninaujua. Matunda yanayowekwa mbele ya madhabahu ya dukani kwake ananiletea wakati mwingine kwa mapenzi, nami siyapokei, kwa kuwa yametolewa kwa asiyekuwa Mwenyezi Mungu. Nimemweleza. Sasa ananinunulia mengine, mapya, na kunionyesha mfuko haujafunguliwa.

Watawa wa Kibudha wana njia ya tatu, ambayo naiheshimu bila kuifuata. Mtawa wa Kithai anapita asubuhi na bakuli lake na kula alichotiliwa. Nyama anaruhusiwa, mradi hakuona, hakusikia wala hakushuku kwamba mnyama alichinjwa kwa ajili yake. Vitabu vyao vinasimulia kwamba mtawa mmoja, Devadatta, alimtaka Buddha awalazimishe watawa wote kuacha nyama, naye akakataa kuifanya sharti. Kwao, basi, uzito uko moyoni mwa anayepokea. Kwetu nia ina uzito wake na kitu kina uzito wake. Nguruwe hatakaswi na moyo safi wa aliyemla. Hatutakubaliana juu ya hili, na sidhani kuwa tunatakiwa tukubaliane ndipo tukae meza moja.

Siku hizi wapo wanaosema undugu wa kweli ni kuondoa mipaka yote, kila mtu ale kila kitu, dini ibaki rohoni. Mimi nasema huko ni kummeza mwenzako. Ukinitaka nikae nawe kwa sharti la kuacha nilicho, hukunitaka mimi. Tulichokula Ramkhamhaeng kilitokana na tulichokiacha: nguruwe wake, ng'ombe wangu. Kilichobaki kilikuwa tele. Kamba, ngisi, uyoga, tofu, mayai, mboga za kila namna, na supu ambayo hapakuwa na hata tone lake moja la kumtia mmoja wetu wasiwasi. Alinipakulia kwanza, kwa kuwa mimi ni mkubwa. Nilisema bismillahi kwa sauti, naye akangoja mpaka nimalize.

Ipo mikahawa inayompa kila mtu kisufuria chake, na vyakula vinapita mbele yake kwenye mkanda. Wengine wananiambia hilo ndilo jibu. Kwa fikihi si jibu kamili, maana hujui kisufuria hicho jana kilipikiwa nini. Na kwa ule ujirani niliokuwa nikiuzungumza, mmekaa bega kwa bega kama abiria wa daladala.

Kwa wenzangu wa Kariakoo, Mombasa na Kampala mnaokwenda Pratunam: mkialikwa suki, msijifungie hotelini na msijidanganye na mboga ya supu ya nguruwe. Semeni mapema msichokula, na mpendekeze Ramkhamhaeng au mitaa ya Phetchaburi yenye nembo ya halali. Kisha muulizeni mwenyeji wenu naye ni kipi asichokula, kabla hamjaagiza nyama ya ng'ombe.