Sitara ya Mwenye Kudhulumiwa

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wake, na aali zake, na masahaba zake. Ama baad.

Watu wengi hudhani ya kuwa sitara na kunyamaza ni jambo moja. Mwanamke akidhulumiwa katika mwili wake, wanaume wa aila yake humwambia anyamaze asiwavunjie hishima, nao hujiona wametimiza wajibu wa dini. Suali lipasalo kuulizwa ni hili: sitara hiyo yamfunika nani? Yamfunika aliyeonewa, au aliyeonea?

Na itazamwe khabari ya Djamila Boupacha, binti Mwislamu wa Aljeria, aliyezaliwa mwaka 1938, nchi yake ilipokuwa chini ya Wafaransa. Vita vya kutaka uhuru vilianza mwaka 1954, naye alipokua aliingia katika chama cha FLN kilichokuwa kikivipigana. Mwezi wa Februari 1960, alipokuwa ndiyo kwanza ametimiza miaka 22, askari waliingia nyumbani kwao Algiers usiku, wakamchukua yeye na baba yake. Alishutumiwa kuweka bomu katika mkahawa mmoja wa mji huo, bomu ambalo halikulipuka. Aliteswa kwa moto wa sigara, na kwa umeme, na kwa maji. Kisha akanajisiwa kwa chupa. Jambo hili latajwa wazi kwa sababu yeye mwenyewe alilitaja wazi. Katika mateso hayo alikiri walilotaka akiri.

Alipofikishwa mbele ya hakimu, alisema ya kuwa ameteswa. Hakukana kuwa ni mtu wa FLN, lakini alikana lile bomu. Wakili wake, Gisèle Halimi, mwanamke wa Kiyahudi mzaliwa wa Tunisi, alimsaidia kuwashitaki waliomtesa. Mwezi wa Juni 1960 Simone de Beauvoir aliandika khabari zake katika gazeti la Le Monde, na serkali ikalikamata gazeti hilo kule Algiers. Kesi ikahamishwa Ufaransa, lakini wakuu wa jeshi walikataa kuyatoa majina ya askari waliokuwapo. Alifunguliwa mwaka 1962, baada ya mapatano ya Évian. Na msamaha wa mwaka huo huo ukawafunika na watesaji pia, wasihukumiwe hata mmoja.

Huenda mtu akasema: lau angalinyamaza, hishima yake ingalisalimika. Maneno haya yana kosa ndani yake. Hishima ya mtu huondoka kwa tendo alilolitenda kwa khiari yake, wala haiondoki kwa tendo alilotendwa kwa nguvu. Ammar bin Yasir aliteswa na makafiri wa Makka hata akatamka neno la kufuru, na moyo wake umetua katika imani. Kurani, katika Suratun Nahl, ikamtoa mwenye kulazimishwa katika lawama. Ikiwa ulimi uliolazimishwa haumtoi mtu katika Uislamu, vipi mwili uliolazimishwa umtoe mwanamke katika usafi wake? Na kukiri kwake chini ya mateso ni vivyo hivyo. Hakuna haki iwezayo kujengwa juu yake. Hata lau angalikuwa mkosa, kosa lake lisingalihalalisha chupa ile.

Mwengine atasema: Mtume, rehema na amani zimfikie, ametuhimiza kusitiriana. Ni kweli. Lakini sitara hiyo ni ya mtu aliyeteleza, ili apate kutubia pasi na kufedheheka. Yeye hakuteleza, ameangushwa. Na aliyemwangusha hakutubia, bali yungali na ufunguo wa gereza mkononi, na kesho atamwingia mwengine. Kumsitiri huyo ni kumsaidia. Ndiyo maana Suratun Nisaa, ilipokataza kutangaza maneno maovu, ilimtoa mwenye kudhulumiwa katika katazo hilo.

Walakini ruhusa ya kusema si amri ya kusema. Louisette Ighilahriz, binti mwengine wa Aljeria, alitekwa mwaka 1957 akateswa, na khabari zake hazikutangazwa katika Le Monde illa mwaka 2000, baada ya miaka arubaini na zaidi. Aliposema, Jenerali Massu, aliyekuwa mkubwa wa jeshi katika Algiers, alikiri na kujuta katika uzee wake. Hapana mtu mwenye haki ya kumlaumu kwa miaka aliyonyamaza, wala kwa siku aliyosema. Kauli ni mali ya aliyeumia. Si ya baba, wala ya ndugu, wala ya mume.

Basi wajibu wa wanaume ni upi? Kwanza, wajizuie na dhana. Mwanamke akitoka gerezani, watu wa barazani huulizana yaliyompata humo, kisha hunong'ona ya kuwa hafai kuolewa. Na wajue ya kuwa Suratun Nur imeweka fimbo thamanini kwa amsingiziaye mwanamke mtakatifu zinaa pasi na mashahidi wanne. Na aliyelazimishwa hakuzini. Pili, akitaka kusema, wamsikilize wala wasimkatize kwa neno aibu. Tatu, akitaka kunyamaza, wamwache, wala wasimchimbe.

Wahenga wamesema, mficha uchi hazai. Jamii inayoficha dhulma iliyofanyiwa binti zake haiwezi kuzaa uadilifu. Huzaa madhalimu wanaojua ya kuwa hawatatajwa. Na apatwaye na haya kwa khabari kama hii, na aitazame haya yake imeelekea upande gani. Ikiwa yamwonea haya yule binti, imepotea njia. Mahali pake ni kwa watesaji.

Mwenyezi Mungu awafungue waliofungwa kwa dhulma, na awape subira walio nyuma yao. Wallahu aalam.