Nani Angoje Dawa?

Watu wengi wakisikia habari za utafiti wa takwimu huwaza hesabu tu: wastani, asilimia, majedwali. Mimi nasema lipo swali linalozitangulia hesabu hizo zote. Ukitaka kujua kama mpango fulani unafaa, sharti uwe na watu waliopewa na watu wasiopewa, ndipo uwalinganishe. Sasa hao wasiopewa ni akina nani? Na wewe ni nani hata uwanyime?

Tazama yaliyofanyika Busia, magharibi mwa Kenya. Mwaka 1998 ulianza mpango wa kuwapa wanafunzi wa shule za msingi dawa za minyoo. Shule zilikuwa 75, zenye wanafunzi zaidi ya 30,000. Zikagawanywa mafungu matatu, kila fungu shule 25. La kwanza lilianza kupata dawa 1998, la pili 1999, la tatu likangoja mpaka 2001. Wa kuanza hakuchaguliwa na chifu wala mheshimiwa. Majina ya shule yalipangwa kwa alfabeti, eneo kwa eneo, kisha yakahesabiwa: moja, mbili, tatu, moja, mbili, tatu.

Utaniambia, ndugu msomaji, huu si ukatili? Mtoto ana minyoo tumboni, dawa ipo, halafu aambiwe angoje eti kwa sababu jina la shule yake limeangukia tatu! Hoja hiyo ina uzito, siipuuzi. Lakini shirika lililoendesha mpango halikuwa na uwezo wa kuzifikia shule zote kwa mara moja. Kungoja kulikuwapo tayari. Kilichobaki ni kuamua nani angoje. Na sote twajua mambo yanavyokwenda mtu akiachiwa achague: huanza mwenye mjomba ofisini, na shule ya mwisho wa barabara haifikiwi. Hapo alfabeti ina haki kuliko mheshimiwa.

Tena kungoja huko kulizaa elimu. Kwa kuwa mafungu yalifanana tangu mwanzo, tofauti iliyoonekana baadaye ilikuwa na maana. Katika shule zilizopewa dawa, kukosa masomo kulipungua kwa kama robo. Alama za mitihani hazikupanda, na hilo nalo likaandikwa. Hata watoto wa shule jirani ambazo hazijapewa walipata nafuu, maana minyoo huenea kwa udongo wanaoukanyaga wote. Ndiyo sababu ziligawanywa shule, si mtoto mmoja mmoja. Ukiwagawa watoto wa darasa moja, asiyepewa hunufaika na dawa ya mwenzake. Tofauti hupungua, nawe utadhani dawa ni dhaifu kumbe ina nguvu.

Hata hivyo, si kila kungoja kuna haki. Kule Tuskegee, Marekani, kuanzia 1932 hadi 1972, wanaume weusi 399 wenye kaswende walifuatiliwa na idara ya afya ya serikali bila kutibiwa. Waliambiwa tu kwamba wana damu mbaya. Penisilini ilipokwisha kuwa tiba ya kawaida, miaka ya 1940, hawakupewa. Hapo hapakuwa na uhaba wala zamu. Watu walingoja bila kujua kuwa wanangoja, na waliojua walikuwa wakingoja wafe.

Basi kipimo changu ni hiki. Anayepanga utafiti aweze kusimama mbele ya mama wa fungu la tatu na kumjibu, kwa lugha anayoielewa, maswali matatu: kwa nini mwanangu angoje, nani ameamua, na zamu yake ni lini? Akibabaika kwenye lolote kati ya hayo, jedwali lake hata liwe safi vipi, kwangu mimi halifai.

Wewe unayeanza somo hili sasa, jifunze sampuli, jifunze wastani, vyote utavihitaji. Lakini majibu ya yule mama yaandike ukurasa wa kwanza, kabla hujagawa mafungu.