Weka Mkono Majini

Anayesema Dodoma ni jua na vumbi tu hajakesha Hombolo mwezi wa Saba. Uwanda huu uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na kipupwe kikiingia, usiku joto hushuka hadi karibu nyuzi 13. Kwa mtu wa Helsinki hiyo ni hali ya kuvaa fulana. Kwetu sisi, upepo ule unaovuma bila mlima wa kuuzuia hupenya koti, ukapenya shati, ukafika kwenye mfupa.

Nilifika kwenye bwawa la Hombolo kabla jua halijachomoza, kaskazini mashariki ya jiji, ng'ambo ya mashamba ya zabibu. Mzee mmoja alikuwa anakung'uta nyavu ndani ya mtumbwi, kajifunika koti la mtumba lililomfika magotini. Nikamwamkia. "Marahaba, mwanangu. Mbona unatetemeka hivyo? Hebu weka mkono majini."

Nikadhani ananitania. Nikauweka. Maji yalikuwa ya vuguvugu! Mkono ulioloa ulipata raha, ule mkavu ukabaki unauma kwa baridi. Nikatazama bwawa lote, nikaona ukungu mwembamba unapanda kama mvuke wa sufuria iliyoanza kuchemka.

Siri yenyewe ni ya kustaajabisha kwa jinsi ilivyo nyepesi. Ili kilo moja ya maji ipande joto kwa nyuzi moja, inahitaji nishati kama mara 5 ya ile inayohitajiwa na kilo moja ya mchanga mkavu. Kinachochelewa kupata moto huchelewa pia kupoa. Mchanga wa ufukweni ulikuwa umeshapoteza jua la jana tangu usiku wa manane. Maji yalikuwa bado yameliweka. Muumba aliwapa samaki blanketi kabla sisi hatujajua kufuma.

Hata hivyo, usiku baada ya usiku wa kipupwe, bwawa nalo hupoa. Samaki hana joto lake mwenyewe. Damu yake hufuata maji yalivyo. Perege akipoa, moyo hupunguza mwendo, tumbo husaga polepole, hamu ya kula humtoka. Chambo hupita mbele ya pua akakitazama tu. Maji yakishuka chini ya nyuzi 10 hivi, perege hufa, ingawa Hombolo haifiki huko. Mzee alinionyesha mavuno ya usiku kucha: perege tisa wa ukubwa wa kiganja, na kambale mmoja aliyekuwa bado anapiga mkia kwa hasira. "Wamelala hawa," akasema, wala hakuonekana kusikitika. "Jua likipanda watasogea huku kwenye maji mafupi kuota, nami nitawafuata."

Sasa fikiria nchi ambako mwezi wa Machi bado theluji inaanguka. Huko Finland, au Minnesota, mvuvi hutembea juu ya ziwa kwa miguu yake, akatoboa barafu kwa keekee ndefu, akakaa kwenye kigoda na kushusha ndoano kwenye tundu lisilozidi upana wa sahani. Na samaki anampata! Kwa nini ziwa lile halikugandisha kila kilichomo?

Karibu kila kitu kikipoa hujikunja na kuwa kizito zaidi. Maji hufuata desturi hiyo hadi yakifika nyuzi 4, kisha hugeuka: yakizidi kupoa huanza kutanuka, na yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, yakawa mepesi. Ndiyo maana barafu huelea. Lingekuwa jambo dogo tu kama lisingebeba uhai wa maziwa mengi: barafu ingekuwa nzito ingezama, ziwa lingeganda kutoka chini kuja juu, na samaki angebanwa humo kama mdudu ndani ya utomvu. Badala yake barafu hutanda juu kama paa, theluji ikaongeza unene wa paa hilo, na chini kabisa hubaki maji ya nyuzi 4 yanayomtosha samaki kupumua taratibu mpaka jua lirudi. Mimi huwa najiuliza ni mhandisi gani angethubutu kuvunja kanuni yake mwenyewe mahali panapohitajika hasa.

Kwetu adui wa samaki si barafu, ni ukame. Nenda Bahi, magharibi ya Dodoma, ambako mto Bubu humwaga maji kwenye mbuga isiyo na njia ya kutokea baharini. Masika yakipita, jua huanza kuinywa. Kambale ana kiungo cha kuvutia hewa, hivyo hustahimili tope lenye maji ya kuloweka tu, na usiku wenye umande huweza kujiburura nchi kavu kutafuta dimbwi jingine. Lakini wapo wadogo zaidi, urefu wa kidole, madume yao yamepakwa rangi kama kitenge kipya. Wataalamu huwaita Nothobranchius. Hawa hawakimbii. Hutaga mayai kwenye tope, kisha dimbwi hukauka nao wakafa wote, baba, mama na jirani. Yai ndani ya udongo husimamisha ukuaji wake, likangoja miezi. Mvua ikinyesha huanguliwa, na kwa haraka isiyo ya kawaida: ndugu zao wa Msumbiji wameonekana wakikomaa ndani ya siku 14 tu.

Kwa hiyo mwezi wa Saba ukipita Bahi, ukaona ng'ombe wanakatiza kwenye tope lililopasuka vipande vipande, usiseme hapa hakuna samaki. Wako chini ya kwato, ndani ya mayai, wanangoja mvua ya Desemba.