Fumbo la Freddie Mercury si ungamo

Hivi mtunzi akishatupa wimbo, bado tunamdai maelezo?

Namfikiria Freddie Mercury, yule Farrokh Bulsara aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946 na kuondoka na familia yake mwaka 1964, baada ya Mapinduzi. Mwaka 1975 kundi lake la Queen lilitoa "Bohemian Rhapsody", alioutunga yeye. Ndani yake kijana anamweleza mama yake kwamba ameua mtu. Nani aliuawa? Mercury aliulizwa sana, na hakufafanua hadi anakufa.

Wengi wameujaza ukimya huo kwa maisha yake: ati alikuwa anaungama kwamba anapenda wanaume. Labda. Lakini mpenzi wa taarab anaujua mchezo huu. Mwimbaji anafumba, ukumbi mzima unahisi kuna mtu kapigwa kijembe, jina halitajwi. Anayeinuka kwa hasira amejitaja mwenyewe. Fumbo humpa msikilizaji kazi, na mtunzi akilifumbua tu, kazi hiyo imekwisha. Hapo simdai Mercury kitu.

Ila kuna ukimya mwingine, mgumu zaidi. Alitangaza kwamba ana UKIMWI tarehe 23 Novemba 1991. Kesho yake akafa. Huku Moshi nasi tumezika watu kwa maneno yale yale ya msibani, "aliugua kwa muda mrefu", na vijana wakarudi nyumbani bila kujua cha kujikinga nacho. Remmy Ongala, ambaye jina lake limebaki kwenye kituo cha daladala pale Sinza, hakufumba hivyo. Katika "Mambo kwa Soksi" alihimiza kondomu, na Radio Tanzania ikakataa kuupiga.

Basi Remmy alikuwa mwema kuliko Mercury? Sidhani. Remmy alizungumzia hatari inayotukabili wote. Mercury alitakiwa kuuanika mwili wake mwenyewe, tena akiwa mgonjwa. Hayo ni madai mawili tofauti jamani. Kusema wazi ni jukumu la wazima: redio, viongozi wa dini, sisi waandishi wa habari. Tukilikimbia, tunamtwisha mgonjwa mzigo wetu, halafu tunamwita mwoga.

Kwa hiyo ukiusikiliza tena ule wimbo, usome kama shairi. Mama anaposikia mwanawe ameua, wewe ungemjibu nini? Hilo linatosha kukukosesha usingizi, hata kama hujui mtunzi alilala na nani.